Champlain alikuwa abiria tu

Kuna mchoro mmoja wa mwaka 1613 ambao kila nikiuangalia nacheka kwanza ndo naendelea. Ni mchoro wa vita. Pande mbili zinarushiana mishale, katikati kasimama Mfaransa mmoja peke yake, kavaa kofia ya chuma yenye manyoya juu, kaelekeza gobori mbele, moshi unafuka, watu wanadondoka, na kwenye msitu wa nyuma imechomoza michikichi. Michikichi kabisa jamani. Mi mtu wa Kigoma, miti ya ukoo ule huwezi kunidanganya, na ziwa linalosemwa hapo ni Ziwa Champlain, hili hili ambalo nalipita nikienda kazini, upande huu jimbo la Vermont, ng'ambo jimbo la New York, kaskazini Quebec ya Kanada, mahali ambapo Januari inaweza kushuka nyuzi ishirini chini ya sifuri na mchikichi ukiupanda leo kesho ni kuni.

Mchoro wenyewe umo kwenye kitabu cha safari alichochapisha huyo huyo Mfaransa, Samuel de Champlain, na ndo picha pekee inayomwonyesha iliyotoka enzi za uhai wake. Uso ni tone la wino chini ya kofia. Kwa hiyo mtu ambaye jina lake liko kwenye ziwa, kwenye bonde zima, kwenye daraja kubwa la Montreal, kwenye chuo, kwenye mji mdogo kule mpakani, kwenye motel sijui ngapi, sura yake hatuijui. Ile picha ya bwana mnene mwenye masharubu na nywele ndefu mnayoiona kwenye vitabu vya shule ni feki, iliokotwa karne ya 19 kutoka picha ya mtu mwingine kabisa, Michel Particelli d'Émery, ofisa wa fedha wa serikali ya Ufaransa, iliyochorwa 1654. Kuzaliwa nako ni utata, mwaka 2012 iliibuka rekodi ya ubatizo kutoka La Rochelle ya Agosti 1574 yenye jina linalofanana na lake, wengine wakaikubali wengine wakaikataa. Alifariki Quebec tarehe 25 Desemba 1635 na kaburi mpaka leo halijaonekana.

Kinachojulikana vizuri ni alichokiandika mwenyewe. Na ukikisoma taratibu bila kusukumwa na sanamu na vibao vya watalii, unakuta kwamba safari ile ya 1609 iliyomfanya aliite ziwa kwa jina lake haikuwa safari yake. Alipakiwa. Alikuwa abiria kwenye msafara wa watu wengine, unaoenda kwenye ugomvi wa watu wengine, kwenye njia waliyoijua wao.

Ngoja kwanza niwape ziwa lenyewe. Kwa sisi tuliokulia Tanganyika hili ni ziwa la kawaida tu, urefu kama kilomita 190, pale panapotanuka kabisa kilomita 19, kina mita 122 mahali parefu kuliko pote, wakati Tanganyika unashuka karibu mita 1,470. Visiwa viko zaidi ya 70. Upande wa mashariki kuna Green Mountains, upande wa magharibi Adirondacks, na ukisimama Burlington, mji wa upande wa Vermont, jioni ukatazama ng'ambo ile safu ya milima ya bluu imekaa vile vile milima ya Kongo inavyokaa ukiwa Kigoma siku hewa ikiwa safi, ndo maana mtu kama mimi nilijikuta nakaa huku bila kutarajia. Zamani sana hapa palikuwa bahari, barafu kubwa ilipoyeyuka maji ya chumvi yakaingia bonde zima, na mwaka 1849 vibarua wa reli kule Charlotte, Vermont, wakichimba wakafukua mifupa ya nyangumi katikati ya mashamba. Nyangumi, Vermont, ambayo haigusi bahari hata kidogo.

Lakini kitu cha kuelewa ni mwelekeo wa maji. Ziwa hili linatiririka kwenda kaskazini, maji yanatoka kwa Mto Richelieu, unaingia Mto St. Lawrence, unafika baharini. Na kusini kabisa ukishuka ukabeba mtumbwi wako begani kipande kidogo cha nchi kavu unaukuta Mto Hudson, huo unakupeleka mpaka jiji la New York. Yaani kabla ya lami na kabla ya reli hii ndo ilikuwa barabara kuu. Upande wa mashariki walikaa Waabenaki, upande wa magharibi Wamohawk, taifa la mashariki kabisa kwenye ule umoja wa Wairoquois ambao wenyewe wanajiita Haudenosaunee, na kwao Wamohawk ndo walikuwa walinzi wa mlango wa mashariki. Watu walipita hapo na manyoya, mahindi, habari, na vita pia.

Sasa Champlain. Julai 1608 alijenga kituo Quebec. Baridi ya kwanza ikawafyeka, wanaume 28 walioingia kwenye majira ya baridi wakatoka wanane, wale wengine kiseyeye na kuhara viliwamaliza. Kwa hiyo mtu huyu tunayemwona kwenye sanamu kainua kidevu, kiangazi cha 1609 alikuwa na kikundi cha watu wachache wagonjwa kwenye nchi asiyoijua, na biashara yote iliyomleta ilikuwa ngozi za beaver, mnyama wa majini mwenye manyoya mazito, ambazo ziko mikononi mwa wenyeji, Wainnu, Waalgonquin na Wahuron ambao wenyewe wanajiita Wendat. Hao nao walikuwa na sharti moja rahisi: unataka biashara, twende wote vitani tukapigane na Wairoquois. Alikubali. Angefanyaje?

Wakapanda Mto Richelieu. Champlain alikuwa na mashua yake ya mbao akiamini itafika, mpaka pale Chambly maji yanaporomoka kwenye mawe, mashua ikagoma, akairudisha Quebec pamoja na watu wake karibu wote, akabaki na Wafaransa wawili waliojitolea. Kuanzia hapo Wafaransa watatu wamekaa kwenye mitumbwi ya magome ya mti, miepesi kiasi kwamba ukifika kwenye maporomoko unaibeba, jumla mitumbwi 24 na wapiganaji 60. Makafi wanapiga wengine, njia wanaijua wengine, pa kulala wanachagua wengine. Yeye anaangalia na kuandika, na hilo nampa sifa zake zote, jamaa alikuwa na jicho. Aliandika visiwa vikubwa vilivyoachwa kwa sababu ya vita, aliandika miti ya chestnut, aliandika beaver kibao. Aliandika pia kwamba kaona theluji juu ya milima ya mashariki, mwezi wa saba, hapo sijui aliona nini maana Julai kule juu hamna theluji hata ya kutia kwenye glasi.

Aliandika na samaki, hapa lazima nikae kidogo. Wenyeji walimwita chaousarou, kwa maelezo yote ni yule samaki mwenye mdomo mrefu kama mkasi ambaye Wamarekani wanamwita gar. Champlain anasema aliowaona yeye walikuwa na urefu wa futi tano na unene wa paja, magamba magumu kiasi kwamba kisu hakiingii, mdomo una safu mbili za meno makali. Wenyeji wakampa stori kwamba samaki huyo anajificha kwenye matete, anatoa pua tu nje ya maji, anatulia kimya, ndege anakuja anatua akidhani ni kijiti, halafu anavutwa miguu chini. Wakampa kichwa cha huyo samaki na kumwambia ukiumwa kichwa unajichanja kwa yale meno pale panapouma, damu ikitoka kidogo maumivu yanaondoka. Mwandishi mzuri anayeandika alichoambiwa na nani kamwambia, nampenda hapo. Kinachoniudhi ni kwamba kwenye samaki huyo huyo watu wakaja kujenga jini la ziwa, wanaliita Champ, na ukiingia kwenye maduka ya zawadi utaambiwa kwamba Champlain mwenyewe alikuwa wa kwanza kuliona, nyoka wa futi ishirini mnene kama pipa. Hakuandika kitu kama hicho popote. Maneno hayo yalitokea kwenye makala ya jarida moja la Vermont mwaka 1970, yakanasa mpaka leo. Champ amekuwa biashara ya watu, timu ya baseball ya Burlington imejiita kwa jina la majini ya ziwa, mwenye sarakasi P. T. Barnum mwaka 1873 alishaahidi dola 50,000 kwa atakayemletea ngozi yake. Hazikuchukuliwa.

Turudi kwenye mitumbwi. Kadiri walivyosogea kusini kwenye nchi ya adui wakawa wanasafiri usiku na kujificha mchana, na kila siku wenzake walimuuliza Champlain swali moja: umeota? Hajaota. Kesho yake tena, umeota? Bado. Mpaka siku moja alilala akaota kwamba maadui wanazama ziwani mbele ya macho yake karibu na mlima, yeye anataka kuwaokoa, wenzake wanamwambia waache wafe hao hawana maana. Alipoamka akasimulia, na kambi nzima ikapata nguvu, kwamba sasa mambo yamekaa sawa. Mi hapa ndo naona vizuri nafasi yake halisi kwenye ule msafara. Walimchukua kwa sababu ana gobori, na walitaka kujua pia upande wake wa kiroho unasemaje kuhusu hii safari, hakuna aliyemuuliza twende njia gani.

Usiku wa tarehe 29 Julai wakakutana na Wamohawk kwenye maji, sehemu za Ticonderoga au Crown Point, wanahistoria bado wanabishana. Kukutana kwenyewe hakukuwa na fujo unayoitegemea. Wamohawk walishuka pwani wakaanza kukata miti wajenge boma, wa upande wa Champlain wakafunga mitumbwi yao pamoja kwa miti wakabaki majini, wakatuma watu kuuliza, mnataka kupigana? Wakajibiwa ndiyo, lakini sasa hivi giza hatutatambuana, tungoje kupambazuke. Basi usiku kucha pande zote mbili ni ngoma, nyimbo na matusi. Hawa wanaimba kwamba kesho mtakiona, wale wanajibu nyie ni waoga hamna lolote. Na Champlain na wenzake wawili wamelala ndani ya mitumbwi, kila mmoja mtumbwi wake, wasionekane.

Asubuhi Wamohawk kama 200 wakatoka kwenye boma taratibu, wametulia, mbele wana machifu watatu wenye manyoya marefu kichwani. Walikuwa wamevaa ngao za mbao zilizofumwa kwa nyuzi za pamba, mshale haupenyi, hilo Champlain kaliandika mwenyewe kwa maneno, ingawa kwenye ule mchoro wa michikichi wote wamechorwa uchi, sijui mchoraji alisoma kitabu gani. Wenzake wakafungua safu katikati, akatembea mbele hatua ishirini, akafika umbali wa hatua thelathini kutoka kwa adui, wakasimama wanatazamana. Gobori lake lilikuwa limeshindiliwa risasi nne. Akafyatua. Machifu wawili wakaanguka hapo hapo, na mwingine akapigwa akaja kufa baadaye. Mishale ikaruka pande zote, Mfaransa wa pili akafyatua kutokea porini, na Wamohawk waliokuwa hawajawahi kusimama mbele ya kitu kama hicho wakatimua mbio. Wakakamatwa mateka kumi au kumi na wawili. Wa upande wa Champlain kumi na tano au kumi na sita wakaumia kwa mishale, wakapona.

Baada ya masaa matatu washaanza kurudi nyumbani. Usiku huo wakamtesa mateka mmoja kwa moto, Champlain akasema hapana sisi kwetu hatufanyi hivi (kwao Ufaransa walikuwa wanafanya tu, tena uwanjani mchana kweupe, lakini haya), akanuna akaondoka, wakamwita wakamwambia haya mpige, akampiga risasi moja akamaliza. Na hapo safari imeisha. Hakuzunguka ziwa, hakujenga, hakukaa. Alifika kusini, akafyatua, akarudishwa. Aliporudi akaliandika ziwa kwa jina lake.

Sasa sisi watu wa Afrika Mashariki stori ya aina hii tunaijua kwa harufu. Februari 1858 Burton na Speke wakafika Ujiji, nyumbani kwetu, wanasifiwa kugundua Ziwa Tanganyika, wakati Burton miguu haifanyi kazi anabebwa kwenye machela na Speke macho yamevimba haoni hata hilo ziwa, na njia yote kutoka pwani ilikuwa njia ya misafara ya pembe za ndovu na chumvi iliyokanyagwa na Wanyamwezi na Waswahili miaka mingi, na aliyekuwa anawatafsiria na kuwaendeshea mambo ni Sidi Mubarak Bombay. Tofauti ni kwamba wale wetu walikuwa na adabu ya kuweka jina la mkubwa wao, Victoria, Albert, Edward, Rudolf wa Austria pale Turkana kabla Kenya haijabadili mwaka 1975. Champlain aliweka lake. Kwa uthubutu tu nampa asilimia mia.

Na ukidhani nazidisha kumwita abiria, nenda mwaka 1615. Akaenda tena vitani na Wendat, safari hii kushambulia mji wa Wairoquois upande wa kusini wa Ziwa Ontario, wakashindwa, akapigwa mishale mguuni akawa hatembei. Wakamweka kwenye kapu, wakamfunga amekunjamana, mwanaume mmoja akambeba mgongoni siku kadhaa, na yeye mwenyewe kaandika kwa uchungu kwamba alifungwa kama mtoto mchanga asiyeweza kujigeuza. Alikuwa amewaomba wamrudishe Quebec, wakakataa, wakamwambia hamna mtumbwi wala mtu wa kukupeleka, akakaa kwao baridi nzima ya 1615 mpaka 1616. Aliyekaa kwa watu miezi yote hiyo kwa sababu hawezi kuondoka bila wao, ramani zake zilikuwa nzuri mno kwa wakati ule, na sasa unajua kwa nini zilikuwa nzuri. Aliuliza watu.

Kuna nadharia moja ambayo utaisikia kwa kila muongozaji wa watalii hapa, kwamba risasi ile ya 1609 iliwafanya Wairoquois wawachukie Wafaransa miaka 150, wakawakumbatia Waingereza, ndo maana leo Amerika Kaskazini inaongea Kiingereza. Inapendeza kusimulia, mi siikubali. Ule ugomvi ulikuwepo kabla Champlain hajazaliwa au hajui hata ramani. Mwaka 1624 Wamohawk na Wafaransa walishafanya amani, ikavunjika, 1666 Wafaransa wakaenda kuchoma vijiji vyao, 1701 wakakaa tena Montreal wakapatana amani kubwa iliyodumu. Huo ni ujirani wa watu wenye siasa zao, wanapima faida, wanabadilisha upande. Ukisema kila kitu kilitokana na risasi moja ya mzungu mmoja unarudi kule kule, kwamba wengine wote walikuwa wamesimama tu kama miti wanamsubiri yeye aanzishe historia. Kilichowabadilishia mambo zaidi ni kwamba Septemba ya mwaka huo huo 1609 Henry Hudson, Mwingereza aliyeajiriwa na Wadachi, alipanda na meli ule mto wa kusini mpaka sehemu za Albany ya leo, na baada yake wakaja wachuuzi wa Kidachi na hatimaye bunduki. Wamohawk wakapata za kwao.

Vita vya wazungu vilivyofuata kwenye hii barabara ya maji nitapita haraka maana vina vitabu vyake. Wafaransa wakajenga ngome Crown Point kuanzia 1734 na nyingine Ticonderoga kuanzia 1755. Julai 1758 jenerali Mwingereza Abercromby akaja Ticonderoga na watu kama 16,000 dhidi ya Wafaransa kama 3,600, akawatuma moja kwa moja kwenye kizuizi cha magogo bila kusubiri mizinga, akafyekewa watu karibu elfu mbili, waliouawa na waliojeruhiwa. Mwaka 1759 Waingereza wakaichukua hata hivyo, 1775 waasi wa Kimarekani wakaiiba alfajiri watu wamelala. Oktoba 1776 kikosi cha mashua za Benedict Arnold kikapigwa kwenye Kisiwa cha Valcour, na mashua moja iliyozama pale, Philadelphia, iliibuliwa 1935 ikiwa na tundu na risasi ya mzinga iliyoitoboa, iko Washington makumbusho. Sisi meli ya kwetu ya Tanganyika iliyozamishwa 1916 tuliiibua tukaiita Liemba tukaendelea kupanda nayo, kila mtu na desturi zake.

Tarehe 11 Septemba 1814 ikawa vita ya mwisho kubwa, Wamarekani na Waingereza, kwenye ghuba ya Plattsburgh. Thomas Macdonough wa Marekani alikuwa ametia nanga meli zake na kuandaa kamba za pembeni, mizinga ya upande mmoja ilipokufa yote akaigeuza meli mahali pale pale akaleta upande mzima wenye mizinga mipya. Kamanda wa Waingereza Downie alikufa mapema, jeshi lao la nchi kavu likarudi Kanada. Kabla ya mwaka kuisha wakasaini amani kule Ghent.

Na amani ndo ikaleta mpaka wa kuchekesha. Kuanzia 1816 Wamarekani wakaanza kujenga ngome kubwa ya mawe pale ziwa linapoisha kaskazini karibu na Rouses Point, wasije tena Waingereza. Wamejenga, hela zimetumika, wapima ardhi wakaja na vifaa vyao wakagundua kwamba mstari wa nyuzi 45, ambao ndo mpaka, uko kusini kwa zaidi ya kilomita moja. Ngome ya kuilinda Marekani dhidi ya Kanada imejengwa Kanada. Ikaachwa, wananchi wakaenda kubeba mawe na mbao usiku na mchana wakajengea nyumba zao, ikabaki na jina la utani Fort Blunder. Baadaye kwenye mkataba wa 1842 nchi mbili zikakubaliana kwamba tufuate tu ule mstari wa zamani uliopimwa vibaya, kile kipande kikarudi Marekani, wakajenga ngome nyingine palepale. Hapo jirani kuna mji wa Alburgh, Vermont, uko kwenye rasi inayoning'inia kutoka Quebec, yaani kwa nchi kavu umeungana na Kanada peke yake, kwenda sehemu nyingine yoyote ya Marekani lazima uvuke daraja.

Mpaka wa namna hiyo watu watauheshimu? Hawakuuheshimu. Rais Jefferson alipopiga marufuku biashara na nje mwishoni mwa 1807, wakulima wa Vermont ambao soko lao lote la majivu ya potashi na mbao lilikuwa chini ya mto, Kanada, wakaona ni kichekesho, wakaendelea usiku. Agosti 1808 boti moja ya magendo iliyopakwa lami, Black Snake, ikakamatwa Mto Winooski, mto huu huu unaopita nyuma ya mtaa wetu, risasi zikapigwa, watatu wa upande wa serikali wakafa, na mmoja wa wafanya magendo, Cyrus Dean, akanyongwa Burlington mbele ya umati. Mwaka 1814 vita vikiendelea gavana wa Kanada aliandika London kwamba theluthi mbili ya jeshi lake linakula nyama ya ng'ombe inayoletwa na wachuuzi wa Kimarekani kutoka Vermont na New York. Vita ni vita, ng'ombe ni ng'ombe. Miaka ya 1920, Marekani ilipopiga marufuku pombe, magendo yakawa ya pombe.

Na wakapita watu. Weusi waliokimbia utumwa kusini walipanda na hili bonde, wengine kwa meli za mvuke za ziwani mpaka Saint-Jean upande wa Quebec. Kule Ferrisburgh kuna shamba linaitwa Rokeby, la familia ya Waquaker, dhehebu la Wakristo waliopinga utumwa, sasa ni makumbusho, waliwapokea watoro hao na wengine walibaki wakafanya kazi shambani kwa ujira, hadharani. Nenda ukatembee, ni mwendo mfupi kutoka Burlington.

Siku hizi wanaopita wengine tunaongea nao lugha moja. Winooski na Burlington kuna Wakongo, Warundi, Wasomali Wabantu waliokuja kuanzia 2003 kupitia kambi za Kenya, ambao baadhi babu zao walichukuliwa Uzigua, Kiswahili utakisikia kwenye basi na kwenye foleni ya duka. Na ng'ambo ya ziwa, kwenye mji unaoitwa Champlain, New York, kuna kijibarabara cha Roxham Road ambacho kuanzia 2017 kilikuwa mlango wa waomba hifadhi kuingia Quebec kwa miguu na masanduku, kwa sababu makubaliano ya nchi mbili yalihusu vituo rasmi tu, ukipita pembeni unasikilizwa. Mwaka 2022 waliokamatwa wakivuka hivyo kuingia Kanada walikuwa zaidi ya 39,000, karibu wote hapo. Tarehe 25 Machi 2023 mlango ukafungwa, sasa sheria inahusu mpaka mzima. Watu bado wanajaribu, kwenda huko na kuja huku, na wameshakufa kwenye theluji na kwenye mito, kwa hiyo ndugu yangu yeyote anayeniuliza inbox kuhusu njia za Desemba, jibu ni hapana, tafuta mwanasheria.

Nimalizie na masanamu, maana hapa kila baada ya muda kunazuka mjadala tubadilishe jina au tusibadilishe. Mi jina liacheni, lina zaidi ya miaka 400, ila sanamu ndo zinanikera. Ya Plattsburgh ilizinduliwa 1912, Champlain kasimama juu kabisa, chini yake mwenyeji kachuchumaa. Mwaka huo huo Ufaransa ikaleta kichwa cha shaba alichochonga Rodin, kikabandikwa kwenye mnara wa taa Crown Point, kizuri kweli, lakini ni mwanamke anayewakilisha Ufaransa, hamna Mmohawk hata mmoja. Ya Ottawa ndo funga kazi. Champlain kainua astrolabe juu, kile chombo cha mabaharia cha kupimia jua na nyota, kaishika kichwa chini miguu juu, na pembeni chini wakaja kumwongeza mwongoza njia wa Kianishinaabe kapiga goti. Mpango wa kwanza ulikuwa apige goti ndani ya mtumbwi, hela za mchango hazikutosha, mtumbwi ukaondolewa, akabaki amepiga goti tu hivi hivi mbele ya mtu ambaye bila ule mtumbwi asingevuka hata Chambly. Wenyeji wakalalamika, 1999 wakamhamishia bustani ya jirani. Mtumbwi bado haujachongwa.